Kanda ya Chiriku

Mama yangu mkubwa amepiga pasi kwa miaka thelathini na mmoja. Mwonyeshe shati lolote, na kabla hujamaliza kulikunjua atakwambia mwenye nalo ni mtu wa ofisini au wa kuzunguka juani, anaandikia mkono gani, na kama nyumbani kwake kuna amani. Utaratibu wake haujabadilika: kola kwanza, kisha mabega, mikono, kifua, na mgongo mwisho. Anayeanza na mgongo, husema, huyo anapiga pasi ili aonekane anafanya kazi. Hutia wanga kidogo, hunyunyiza maji kwa ncha za vidole, na kabla pasi haijagusa kitambaa hulamba kidole na kuligusa bamba lake upesi, kama mtu anayeiba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mazingaombwe.

Miaka ishirini na mitatu kati ya hiyo aliitumikia nyumba moja, ya mume na mke waliotoka nchi ya mbali na kuhamia kwetu. Mtaa haukuhangaika na majina yao halisi. Mume alikuwa mhandisi wa mabomba, akaitwa Bwana Maji. Mke aliitwa Mama Kanda, kwa sababu hakutoka nje bila mashine ya kurekodi begani na kisanduku cha kanda mkononi. Hawakuwa na watoto.

Bwana Maji aliishi kwetu kama mtu aliye kwenye foleni, akisubiri jina lake liitwe aondoke. Alikula vyakula vya makopo vya kwao, alisoma magazeti ya kwao yaliyochelewa wiki tatu, na katika lugha yetu alijifunza maneno sita, matano yakiwa ya salamu. Hakutuchukia. Hatukumhusu tu, wala yeye hakutuhusu, na kwa hilo tulielewana naye vizuri.

Mkewe alikuwa kinyume kabisa. Yeye alitupenda. Alizungumza lugha yetu kwa ufasaha kiasi kwamba aliwasahihisha wenye maduka walipochanganya maneno, nao walimshukuru kwa adabu na kucheka akishaondoka. Sebuleni aliondoa viti akatandika mikeka. Sufuria alizifungia stoo akanunua vyungu. Wageni wenzake walipomtembelea, Mama Mkubwa aliwaona wakihangaika kukaa chini, magoti yakilia kama milango isiyotiwa mafuta. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa na viti vinne vya plastiki, na alijivunia.

Siku moja Mama Kanda alileta pasi ya mkaa, nzito kama tofali, akamwomba Mama Mkubwa aache ile ya umeme, kwa kuwa hii ndiyo waliyotumia bibi zetu. Mama Mkubwa akaitumia siku mbili. Siku ya tatu Bwana Maji alitoka chumbani ameshika shati jeupe lenye madoa ya majivu, akatamka lile neno lake la sita. Pasi ya mkaa ikahamia kwenye rafu ya mapambo, na haikushuka tena.

Nimefikiri sana juu ya upendo wa Mama Kanda, na sidhani kwamba ulikuwa wa uongo. Alitupenda kweli, ila alipenda zaidi jinsi tulivyokuwa kabla yeye hajafika. Redio aliiita ugonjwa. Watoto wa mtaani wakianza nyimbo za redio alizima mashine, akasubiri, uso umemkunjamana kama mtu aliyekanyaga kitu. Tulipokuwa tunajisikia vizuri zaidi, yeye alikuwa hatusikii.

Mama Mkubwa alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi nchi jirani, na kazi hiyo haijapatikana mpaka leo. Binti huyo tulizaliwa naye mwaka mmoja. Majirani walimpa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na sikukuu. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake anaapa kwamba aliongea usingizini. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kujifanya mtangazaji wa redio. Alishika kijiko mdomoni akatangaza kila kilichotokea ndani ya nyumba: wasikilizaji, mama sasa anatafuta kiatu cha pili, wasikilizaji, hali si nzuri, kiatu hakipo.

Likizo za shule alikwenda kazini na mama yake, akakaa chini ya meza ya pasi kulikokuwa na joto. Alipokuwa na miaka tisa, Mama Kanda alisema anakusanya nyimbo za kutwanga, zile waimbazo watoto wa kike, na akaomba Chiriku amwimbie mmoja. Hapo palikuwa na tatizo. Chiriku hakuwahi kutwanga kitu. Unga kwao ulitoka dukani, ndani ya mfuko. Lakini Mama Mkubwa aliona haya kumwambia mwajiri wake kwamba hawana wimbo wa namna hiyo. Jioni ile, nyumbani, akamfundisha bintiye wimbo wa mchi na kinu aliofundishwa yeye na mwalimu wake wa darasa la tano kwa ajili ya mashindano ya shule. Walicheka mpaka chai ikapoa, Chiriku akitwanga hewa kwa mwiko.

Kesho yake Chiriku alikalishwa mkekani mbele ya mashine. Mama Mkubwa alikuwa chumba cha pili akipiga pasi, mlango uko wazi. Alimsikia Mama Kanda akimwelekeza mtoto aimbe polepole, ashushe sauti, asitikise miguu, aimbe kama bibi yake. Na kati ya kuimba na kuimba alimsikia Chiriku akiongea. Alitangaza habari za shule. Aliuliza maswali. Aliimba tangazo la sabuni lote, mpaka lile jina la kiwanda. Mwishoni akapaza sauti kumwuliza mama yake kama ameimba vizuri, na Mama Mkubwa akajibu kutoka kwenye meza ya pasi kwamba ameimba vizuri sana, sasa apumzishe mdomo kidogo. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Anakumbuka kwa sababu ilikuwa na mlio wake, kama mbu aliye mbali.

Miaka miwili baadaye Chiriku alipata homa siku ya Jumanne. Ijumaa tukamzika.

Mama Kanda alikuja msibani. Aliketi chini na wanawake, mkoba mapajani, akalia machozi ya kweli, niliyaona mwenyewe. Bwana Maji alisimama nje getini saa tatu nzima bila kofia, akisalimia kila aliyepita kwa salamu zake zote tano.

Baada ya majuma mawili Mama Mkubwa alirudi kazini. Meza ya pasi ilikuwa karibu na kabati la kanda, na katika kabati lile, rafu ya pili, ilikuwamo sauti ya mwanawe. Hakuomba kuisikia. Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwa lugha ya kazi yake: kuna nguo huivai, lakini ukijua imekunjwa vizuri na iko sandukuni, unatembea kifua mbele. Kwa miaka kumi na miwili alipiga pasi hatua tatu kutoka pale, na hiyo ilimtosha.

Kisha kikaanza kitu ambacho hakukitarajia. Jumapili moja tulikuwa tunachagua mchele, akaniuliza bila kuinua macho.

"Wewe bado unaisikia sauti yake?"

Nikataka kusema ndiyo. Nilikumbuka maneno ya Chiriku, nilikumbuka kwamba aliongea haraka na kwamba alikuwa akinikatiza. Lakini nilipotega sikio ndani yangu, maneno yote yale yalikuja kwa sauti yangu mimi.

"Na mimi imeanza kunitoroka," akasema. "Sura ninayo, picha ya shule ipo. Ila akiniita sasa hivi nje hapo, sijui kama nitamjua."

Aliamua kuomba kanda. Ikawa wiki ile ile ambayo Bwana Maji alistaafu na wenyewe wakatangaza kwamba wanarudi kwao. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Mama Mkubwa alipofika kwenye kabati alilikuta tupu. Mama Kanda alimkumbatia, akamwita dada yangu, akamwambia asiwe na wasiwasi: kanda zote zilikwisha kusafirishwa kwenda chuo kikuu cha kwao, ambako zitatunzwa mahali pakavu na penye baridi, na zitaishi kuliko sisi sote. Akaahidi kutuma nakala. Akaandika anwani yake kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuandika barua. Niliandika ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, aya tatu, nikaeleza nani anaomba, anaomba nini na kwa nini. Jibu lilichukua miezi minne. Hatimaye ikaingia kwenye simu yangu rekodi moja kutoka kile chuo kikuu, na salamu nyingi.

Tuliisikiliza mchana, chumbani kwa Mama Mkubwa, tumekaa kwenye viti vyake vya plastiki. Alikuwa ameoga na kubadili nguo, kama anayesubiri mgeni. Simu niliiweka juu ya meza ya pasi, ambayo sasa alipigia nguo za wateja hapo nyumbani. Mtoto akaimba wimbo wa mchi na kinu. Aliimba polepole, kwa sauti nzito ya kulazimisha, kila neno limewekwa mahali pake kama sahani za wageni. Ilichukua dakika moja na sekunde arobaini. Mwishoni, baada ya neno la mwisho, palisikika sauti nyingine, nyepesi, ya haraka, ikianza kusema kitu: "Ma—" Rekodi ikakatika.

Mama Mkubwa alinyoosha mkono. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Sijui tulirudisha mara ngapi. Mwishowe alisema ule wimbo ni mtoto aliyeambiwa aimbe, lakini hiyo ya mwisho ndiyo yeye. Hiyo ndiyo sauti yake. Akasema kwa hiyo ipo, iliyobaki ipo, waliotuma walifikiri tunataka wimbo. Alikuwa na furaha siku ile. Alinipikia.

Nikaandika barua ya pili. Nilieleza kwamba wimbo si shida, tunaomba kanda yote, hasa mazungumzo ya mtoto, hata kama hayana maana kwa mtu mwingine. Safari hii Mama Kanda alijibu mwenyewe. Nimeisoma barua yake mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi lugha yake ilivyo safi kuliko yangu.

Alieleza kwamba hayo mengine hayapo. Wakati ule kanda zilipatikana kwa shida, kwa hiyo alinakili kilichohitajika, kisha kanda ya awali akairekodia vitu vingine. "Mtoto alikuwa amejaa redio, maskini," aliandika. "Nilitaka wimbo ubaki kama ulivyokuwa kabla ya kuchafuliwa. Wewe uliyesoma utanielewa." Lakini alikuwa na faraja kwa dada yake. Siku ya mazishi, ndani ya mkoba, mashine ilikuwa imewashwa. Hakusema kwa sababu watu wakijua wanarekodiwa hujibadilisha. Maombolezo ya mama yako mkubwa, aliandika, ni dakika thelathini na nane, hayajakatwa hata sekunde moja. Wanafunzi huyasikiliza kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaolia. Alikuwa ameyatuma pamoja na barua.

Nilikaa na barua ile siku mbili. Siku ya tatu Mama Mkubwa aliniambia kwamba natembea kama niliyevunja sahani, niseme tu. Nikamsomea yote. Alisikiliza mkono uko juu ya pasi, na nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mimi siku ile nilisema nini?"

Sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimeziba masikio.

"Basi weka tusikilize. Pengine nilimwigiza. Watu wakilia huwa wanaigiza maneno ya marehemu."

Tukasikiliza dakika thelathini na nane. Sitaandika kilichomo, wameshakisikia wengi mno. Nitasema tu kwamba alikuwa akitega sikio kama fundi anayesikiliza injini, akisubiri mahali ambapo yule mwanamke anayelia angesema neno moja kwa mdomo wa mwanawe. Alilitaja jina lake. Alitaja sare mpya ambayo haijavaliwa. Hakumwigiza. Ilipofika mwisho akaniambia nizime.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu yuko siku zote. Nilikuwa namtafuta yule mwingine."

Usiku ule niliandika barua ya tatu, na hiyo sikuiandika kwa uangalifu. Nilimwambia Mama Kanda kwamba aliishi nasi miaka ishirini na mitatu akatupenda kama mtu anavyopenda picha ukutani. Nilimwambia kwamba aliondoa uhai akabakiza kifo, na akakiita hicho ndicho sisi. Nilimwambia na siri ya wimbo wenyewe, kwamba ni wa mwalimu wa darasa la tano, wa mashindano, na kwamba bibi zetu hawakuwahi kuusikia. Asubuhi nilimsomea Mama Mkubwa.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Umeandika vizuri," akasema. "Kwenye mtihani ungepata alama zote. Lakini hujaomba kitu."

"Kuna nini tena cha kuomba, Mama Mkubwa?"

"Alikaa na mwanangu mkeka mmoja. Halafu, mpaka ajue pa kukata, ilibidi asikilize kwanza. Kwa hiyo anajua alichokikata. Mwambie aandike. Hata akikumbuka vibaya. Hata kama ni upuuzi, aandike tu."

Kuhusu wimbo alinikataza. Alisema nimwache nao, kwa kuwa ndio alio nao.

Nikaichana barua yangu nikaandika yake, mistari sita. Majuma sita yakapita, na katika muda huo niliona Mama Mkubwa akibadilika. Alikuwa akianza sentensi ya Chiriku na kuiacha njiani, kwa tahadhari, kama anayeogopa kutangulia jibu. Mteja mmoja alilalamika kwamba suruali yake imerudi na mikunjo miwili mbele, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea Mama Mkubwa tangu alipoanza kazi.

Jibu lilikuja mchana, nikaenda nalo moja kwa moja mpaka kwake. Mama Kanda aliandika kwamba Bwana Maji amefariki na kwamba yeye mwenyewe afya si nzuri. Alikuwa amekaa na ombi letu siku nyingi. Alimkumbuka mtoto: mwerevu, macho makubwa, meno ya mbele yenye mwanya. Maneno yake hakuyakumbuka hata moja. Aliomba radhi kwa hilo, na naamini aliomba kwa dhati. Kisha alikuwa amelitafuta daftari alimokuwa akiorodhesha kanda, akaunakili mstari wa siku ile jinsi ulivyo, labda utatusaidia. Nikausoma kwa sauti.

"Mtoto wa kike, miaka tisa, binti wa mpiga pasi. Wimbo wa kutwanga: dakika moja na sekunde arobaini. Maneno yasiyohusika: dakika kumi na moja."

Mama Mkubwa alikuwa na shati la mteja mezani. Akaisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akakaa.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma.

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja, Mama Mkubwa."

"Mimi siku zote nilidhani mbili, tatu." Akatabasamu, kisha tabasamu likamshinda. "Kumbe aliongea sana siku ile. Na mimi nikamwambia apumzishe mdomo."

Aliniomba nikae kiti cha pembeni yake. Akasema mimi nilimjua Chiriku, tulicheza naye, tulilala naye shuka moja. Basi tusaidiane, mtoto yule kwa dakika kumi na moja angesema nini. Akaanza yeye, nikafuata mimi. Tulisema kila kilichokuwa kimebaki kwetu, kwa haraka, tukijaribu kwenda kwa mwendo wake. Tuliponyamaza, nilitazama saa iliyo juu ya mlango. Hatukuwa tumefika hata dakika tatu.